Joto la Mtamba wa Sita

Jescah Khalayi alikuwa mtu wa kuangalia. Akienda kisimani alirudi akijua mbuzi wa nani anachechemea na mtoto wa nani ameanza kukohoa. Shule aliiacha darasa la tatu, mama yake alipougua na yeye akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Kusoma kulimponyoka kidogo kidogo, lakini nambari alizishika. Ndiyo maana George wa vetenari, alipotafuta mtu wa kutunza ng'ombe wa kupimia dawa, hakuwaendea wanaume waliokuwa wakikaa kando ya barabara wakingoja kazi. Alimwendea yeye.

"Mama Bramwel," alisema, "mimi sitaki mtu wa nguvu. Ng'ombe watakuwa wanane tu, tena wamefungwa. Nataka mtu ambaye ng'ombe akikohoa mara mbili, atajua ilikuwa mara mbili."

"Na akikohoa mara tatu?"

"Basi unaniita mbio."

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka wa sitini na nne, bendera mpya bado ikiwa ngeni machoni mwa watu. Kule Lugari mashamba ya Wazungu yaligawanywa, na walowezi wapya walihamia na mifugo yao kutoka kila upande, ng'ombe wa malisho mbalimbali wakikutana mtoni kwa mara ya kwanza. Serikali iliogopa sotoka, ugonjwa uliowahi kupita zamani ukaacha maboma yamejaa mifupa. Chanjo ilikuwapo. Lakini kabla ya chupa hata moja kufunguliwa huko, Lumakanda au Likuyani, fungu lile la dawa lilipaswa kupimwa kwanza, na kazi hiyo ilipewa zizi dogo nje ya mji wa Kakamega, mbali na malisho ya watu, lenye ua wa safu mbili na beseni la dawa ya kukanyaga langoni.

Daktari Kipruto alikuja siku ya kwanza na Landrova yake. Alikuwa kijana, ametoka kusomea udaktari wa mifugo Uganda, na alipenda kueleza.

"Zamani chanjo hii tuliitoa kwa mbuzi," alisema. "Wengine iliwakinga, wengine iliwalaza chini. Hii mpya inakuzwa kwenye chupa. Wanachukua figo la ndama, wanalitenganisha mpaka zinabaki chembe ndogo ndogo, wanazilisha mchuzi maalumu, na zinaendelea kuishi kwenye kioo kama miche kwenye kitalu. Humo ndimo wanamokuzia kile kidudu cha sotoka, kilichozoeshwa mpaka ukali wake ukaisha."

Jescah alikuwa ameshika fagio. "Na yule ndama mwenye figo, daktari, yeye alikuwa mzima?"

Daktari alimgeukia George. "Mama huyu umemtoa wapi?" Kisha akamjibu Jescah bila mzaha. "Alionekana mzima. Lakini figo linaweza kuficha ugonjwa mwingine, nasi tusiuone. Halafu kile kidudu tunachosema kimepoa huenda hakijapoa. Kwa hivyo kila fungu linapimwa, hata kama la jana lilikuwa zuri."

Alieleza utaratibu. Ng'ombe sita wangechomwa sindano. Wawili wasingechomwa, ila wangekula na kunywa pamoja na wale sita, ili ijulikane kama kuna kitu kinaambukiza. Kila asubuhi, kwa siku ishirini na moja, Jescah angeingiza kipimajoto chini ya mkia, angehesabu polepole mpaka mia mbili, angesoma na kuandika. Kwa kipimo cha Farenhaiti, mia moja na moja na nusu ni joto la ng'ombe mzima. Likivuka mia moja na tatu, George aitwe. Hakuna kumtibu mnyama yeyote kwa dawa yoyote. Majani yakatwe ndani ya ua wa zizi tu. Na akiugua mmoja, sababu isipojulikana, huyo atachinjwa apasuliwe, na kama kosa ni la dawa, fungu zima litamwagwa.

Taabu ilikuwa kwamba George alikuwa amepata ng'ombe saba tu. Watu walisikia habari za figo na sindano, wakasema ng'ombe wao wamekwenda kwa mjomba. Jescah alifikiri kwa siku mbili, kisha akaja akiongoza mtamba wake mwenyewe kwa kamba.

Mtamba huyo aliitwa Namulekhwa, yaani yatima, kwa sababu mama yake alikufa akimzaa. Jescah alimlea kwa maziwa ya kibuyu, akimnyonyesha vidole vyake mpaka vikachubuka. Alikua akawa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Jescah alikuwa mjane, na ng'ombe wa kuringia hakuwa na mwingine. Wajomba wa Nanjala, msichana aliyetaka kuolewa na Bramwel, kifungua mimba wa Jescah, walipokuja kutazama mahari walipita wanyama wote wakasimama mbele ya huyo. "Huyu ndiye," walisema, na wakampiga kofi la mapenzi ubavuni. Ng'ombe akishaonyeshwa wakwe ni kama amekwisha kwenda. Akifa kabla ya siku, watu huanza maneno: kuna nini katika boma lile?

Jescah alipiga hesabu yake ya mama. Mtamba achanjwe kabla ya wote, mbele ya macho yake, kisha majuma matatu yakiisha aende kwa wakwe akiwa amekingwa maisha yake yote. Alijiona mwerevu. Jescah akatia jina lake kwenye karatasi ya masharti, daktari akamwandika Namulekhwa kuwa nambari sita, akamchoma sindano shingoni, na mtamba hata hakugeuka.

Siku za kwanza zilikuwa shwari. Jescah alifika alfajiri, akatikisa kipimajoto mpaka zebaki ikashuka, akapima, akaandika kwa herufi zake kubwa. Mia moja na moja. Mia moja na moja na nusu. Mia moja na mbili kasoro. Jua la Februari lilikuwa limekausha majani ya ndani ya ua yakawa kama nywele za mzee, na ng'ombe waliyatafuna wakimtazama. Siku ya sita hakuvumilia. Alikata majani mabichi ya kijito cha kwao, fungu moja la kichwani, akamtilia Namulekhwa peke yake. Akafanya hivyo tena kesho yake. Majani ni majani, alijiambia.

Asubuhi ya kumi na saba zebaki ilisimama kwenye mia moja na nne na nukta mbili.

Alikitikisa kipimajoto akaanza upya. Mia moja na nne na nukta mbili. Akampima nambari tano ili ajue kama chombo kimeharibika. Mia moja na moja na nukta tatu. Chombo kilikuwa kizima.

Alisimama na penseli mkononi. Namulekhwa alikuwa anakula, ingawa kwa uvivu. Jescah alimwona akipasuliwa. Aliwaona wajomba wa Nanjala wakiinuka vitini. Kisha mkono wake ukaandika: mia moja na moja na nukta nne. Ilipoandikwa ilionekana kweli kama zile za juu yake.

Lakini alikuwa mtu wa nambari, na ile ya kweli ilimwasha. Alichukua kipande cha mkaa jikoni pa zizi, akaiandika nyuma ya nguzo, mahali ambapo mtu asingeona bila kuinama. Siku ya kumi na nane aliandika nyingine chini yake: mia moja na tano, na daftarini akatia tena ya uongo; akaendelea hivyo kila asubuhi.

Siku hiyo alipapasa chini ya masikio ya mtamba akakuta tezi zimevimba kama mayai ya kanga. Begani pia, na mbele ya paja. Moyo wake ulitulia kidogo. Hii aliijua. Hii ilikuwa homa ya kupe, na baba yake aliitibu kila mwaka kwa chuma cha moto. Si dawa ya daktari, alijiambia, ni kupe tu, na kupe nitammaliza mimi. Akatia panga motoni mpaka likawa jekundu, akamfunga mtamba kwenye nguzo, akachoma tezi moja baada ya nyingine, kulia na kushoto, kama alivyofundishwa, asiache hata moja. Namulekhwa alilia mara moja tu. Kisha Jescah akampaka matope juu ya majeraha.

George alikuja siku iliyofuata na baiskeli yake, shati limelowa jasho. Alikuwa akishinda Lugari akipanga siku za kuchanja, na zizini alipita mbio mbio.

"Huyu wako mbona amelala, Mama Bramwel?"

"Jua."

"Na matope?"

"Inzi."

George alicheka. "Unamlea kama bibi harusi. Kesho utampaka wanja." Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya sita. "Mia moja na moja na nukta nne. Safi kabisa. Mimi nawaambianga kule ofisini, hata mwandiko wa karani hauaminiki kama wa mama huyu."

Jescah akainama kuokota fagio ambalo halikuwa limeanguka.

Jioni ya siku hiyo macho ya Namulekhwa yalianza kutoa machozi, na puani kulikuwa na ute. Hapo ndipo amani ya Jescah ilipoisha. Homa ya kupe hutoa machozi. Lakini daktari alisema sotoka nayo huanzia machoni. Alimfungua mdomo akatazama ufizi, akatazama tena, na kwa sababu ya hofu kila wekundu alioona ulikuwa kidonda. Ikiwa ni kupe, alikuwa amefanya alilofanya baba yake. Ikiwa ni kile kitu kilichojificha kwenye figo, basi kimo katika kila chupa, naye ndiye peke yake anayejua.

Siku ya ishirini mdogo wake Ayuma alifika langoni. Alikuwa amepata kipande cha shamba Lumakanda, na alikuja mjini kutafuta mbegu ya mahindi. Hakuruhusiwa kuingia, kwa hivyo walizungumza ua ukiwa katikati yao.

"Dada, umekonda! Hawa ng'ombe wa serikali ndio wanakumalizia obusuma, ugali wako wote?"

"Kazi tu. Ng'ombe wako wanaendeleaje?"

"Watatu wazima, na mmoja ana mimba. Majirani zangu wanaogopa sindano. Jelagat, huyo jirani wa ng'ambo ya mtaro, ana ng'ombe wanne, alisema heri afe na sotoka yake ya asili. Nikamwambia, wewe mama, nyamaza. Anayepima hiyo dawa ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Huyo hata chumvi ya mboga anaionja mara tatu. Akisema ni salama, ni salama." Ayuma alicheka kwa sauti. "Safu yetu nzima ya mashamba sasa wanaleta ng'ombe Jumatatu. Wangu nitawatanguliza, ili waone. Si ni salama?"

Jescah alisema, "Umekula?"

"Nimekula. Nimekuuliza kitu."

"Daktari anakuja kesho. Yeye ndiye wa kusema."

"Haya, mkubwa." Ayuma alijitwika mbegu zake akaondoka akiimba, na Jescah alimtazama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea kwenye kona.

Kesho yake Landrova ilikuja na masanduku ya barafu nyuma, tayari kwa safari ya kaskazini. Daktari Kipruto alikanyaga dawa langoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalisoma daftari kuanzia ukurasa wa kwanza. George alisimama nyuma yake akiwa ameshika karatasi ya kutia sahihi. Ng'ombe saba walisimama. Namulekhwa alikuwa amelala nyuma yao, mbavu zikipanda na kushuka upesi.

"Joto zuri," alisema daktari. "Wote." Akatoa kalamu.

"Daktari, usiandike."

Walimgeukia. Jescah alisogea mbele.

"Hizo tano za mwisho za nambari sita si za kweli. Za kweli ziko pale." Alinyoosha kidole kwenye nguzo.

Daktari aliinama akazisoma zile za mkaa moja moja, midomo ikimcheza. George hakuinama. Alikuwa akimtazama Jescah tu.

"Mama Bramwel. Mimi nimekusifu mbele za watu."

"Najua."

"Jumatatu! Jumatatu tungekuwa tumechanja boma za watu mia!"

"Najua, George. Mdogo wangu ndiye wa kwanza."

Daktari alikuwa tayari amepiga magoti kando ya mtamba. Alitazama ufizi na ulimi. "Vidonda sioni," alisema. "Siku ya kumi na saba baada ya sindano ni kuchelewa mno kwa sotoka. Si kuchelewa kwa ugonjwa mwingine wa kwenye figo." Alipapasa chini ya sikio, mkono ukasimama. Akafuta matope kwa kidole gumba. "Nani amemchoma?"

"Mimi. Tezi zilikuwa zimevimba. Kwetu tunachomanga."

"Hata kwetu tunachoma. Baba yangu alichoma ndama wangu wa kwanza hivi hivi." Alichukua sindano, akaiingiza kwenye tezi ya bega, akavuta. Ikatoka damu nyeusi na usaha. Akajaribu ya paja. Vivyo hivyo. Akaketi chini. "Mama, ungeniachia tezi moja. Moja tu. Ningevuta maji yake, nikayatazama kwenye hadubini, na kama ni homa ya kupe ningejua kabla ya saa nne. Sasa zote zimeiva."

"Si kuna damu?"

"Katika damu ya ng'ombe wa hapa vidudu vya kupe havikosekani, hata akiwa mzima. Haitoshi kuniambia kinachomuua ni nini." Akafuta sindano. "Nisipojua, namwaga fungu lote, na yote yaliyotoka kwenye figo lile. Lugari watangoja mpaka mvua zipite. Au namfungua nitazame ndani."

Hakuna aliyemwambia Jescah kwamba karatasi aliyotia jina lake ilikwisha kuruhusu jambo hilo. Alilikumbuka mwenyewe. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono, akarudi.

"Nitamshika mimi. Mgeni atamtisha."

Alimlaza kichwa mapajani mwake, kidole chake kikiwa mdomoni mwa mtamba kama zamani za kibuyu, na George akafanya kazi ya kisu kwa haraka na kwa ustadi. Daktari alifungua, akatazama, akakata vipande vya bandama, mapafu na figo, akavitia kwenye chupa, akaondoka kwa Landrova kuelekea mjini.

Kungoja kulichukua saa tatu. Jescah aliwapa saba waliobaki maji. Aliwapima tena, ingawa hakuambiwa, na George alikaa juu ya ile ndoo akiyakaza macho yake ardhini. Mara moja aliinua kichwa.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa atakufa."

George alitazama upande wa mzoga uliofunikwa kwa magunia.

Daktari aliporudi hakuzima gari. "Ni kupe," alisema kupitia dirishani. "Bandama imejaa. Mapafu yana povu. Utumbo safi, figo safi. Dawa haina kosa." Kisha akaona kwamba hakuna aliyefurahi, akazima gari, akashuka. "Ninachotaka kujua ni kupe huyo aliingiaje. Kuta za zizi zimepakwa dawa ya kupe, na majani ya ndani ya ua hayajakanyagwa na ng'ombe mwaka mzima."

"Nilimletea majani ya kijitoni kwetu," Jescah alisema. "Mabichi."

George aliinuka kutoka kwenye ndoo.

"Ungeniita siku ile ya kumi na saba," George alianza, kisha akaacha.

"Angepona?" Jescah alimuuliza daktari.

Daktari alikunja mikono ya shati aliyokuwa amekwisha kuikunja. "Ng'ombe wa kienyeji wengi hupona, wakiachwa wapumzike. Huenda."

Hakutia sahihi. Alivuta mstari juu ya zile nambari tano, akaandika zile za mkaa pembeni, akampa Jescah kalamu aandike jina lake chini. Kipimo kilichodanganywa si kipimo, alisema, hata kama mwisho wake umejulikana. Wangetafuta ng'ombe wengine wanane na kuanza siku ya kwanza. Masanduku ya barafu yalirudi mjini.

Bramwel alikaa juma zima bila kumjibu mama yake zaidi ya ndiyo na hapana. Jescah mwenyewe alikwenda kwa wajomba wa Nanjala, akawaeleza tangu majani mpaka panga, bila kupunguza. Mmoja alisema yale maneno aliyokuwa akiyaogopa. Mwingine akasema boma ambalo mama huja kujisema mwenyewe si baya la kuozea binti, lakini ng'ombe ni ng'ombe, watangoja. Lumakanda alikwenda pia. Ayuma alimsikiliza akiwa ameshika jembe.

"Kwa hivyo siku ile langoni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua ana joto."

"Na ukaniuliza kama nimekula." Ayuma alirudi kulima. Mpaka mwisho wa mstari hakugeuka, alipogeuka alisema, "Kaa. Chai iko jikoni. Kwa Jelagat utakwenda wewe, mimi siwezi."

Kazi zizini hakunyang'anywa, ila George aliweka sharti: kila atakachosoma yeye, George atakisoma tena. Majani yalikatwa ndani ya ua, makavu hivyo hivyo.

Siku ya nne ya kipimo kipya, kabla umande haujakauka, Jescah alifika Shieywe, nyumbani kwa George, akihema, kipimajoto kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. George alitoka akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Nambari mbili," Jescah alisema. "Mia moja na mbili na nukta tisa."

"Mama Bramwel, haijafika mia moja na tatu."

"Najua."

George alimtazama pale mlangoni, sketi yake imelowa mpaka magotini. Akaingia ndani kutafuta kiatu cha pili, na alipotoka Jescah alikuwa tayari ameishika baiskeli, ameielekeza barabarani.